Kamati ya Kinywa cha Mokami

Ringwani, kwa njia ya Mugumu
14 Oktoba 1976

Dada yangu mpenzi Veronika,

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji Kisyeri na mguu wake, kisha watoto wote mpaka huyo wa mgongoni ambaye bado sijamwona. Huo mguu umepona, au shemeji bado anautumia kukwepa shamba la kijiji? Mvua imewapata huko Susuni? Sisi huku tu wazima wa kutembea. Wimbi tumevuna kidogo, na nyumba zetu bado ziko kwenye mstari kama walivyotupanga wakati wa kuhamishwa. Ukipiga chafya kwako, jirani anakwambia pole kwake.

Barua yako nimeipokea. Loo, dada! Nilipoona mwandiko ni wako mwenyewe ilinibidi nikae chini. Herufi zinasukumana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, lakini nimezisoma zote na nimelia kidogo. Kisomo cha watu wazima kimekufaa. Miaka yote ulikuwa unasomewa na mwalimu wa hapo kwenu, ndiyo maana nilikuwa nakuandikia habari za mvua na ndama tu, kwa sababu sikutaka mwalimu wa watu ayajue ya tumboni mwangu. Sasa unasoma mwenyewe. Basi funga mlango kwanza.

Umeniuliza jambo moja: kama nimeacha sigara. Nakumbuka ulivyonishika mkono siku tuliyomzika mama, ukaniambia hutaki kunizika na mimi kwa ugonjwa uleule. Mama alivuta kama wanawake wengi wa kwetu, sigara imegeuzwa, moto uko ndani ya kinywa. Wageni hutucheka. Lakini mwanamke ana jembe mikononi na mtoto mgongoni, na moto ukiwa ndani majivu hayamwangukii mtoto wala upepo hauimalizi sigara. Wewe ulikwenda misheni mapema kufanya kazi za jikoni, si kusoma, ukapona. Mimi nilibaki na mama nikajifunza kwake, kama nilivyojifunza kusonga ugali. Na wote wawili tuliona alivyoishia, kidonda kwenye kaakaa, uji unaingia kinywani na kutokea puani, mpaka wajukuu wakawa wanamkimbia.

Baada ya matanga nilikwenda zahanati kwa Bwana Simioni, mganga wetu. Alinimulika kinywani na tochi, kisha akaniambia kuna alama nyeupe kwenye kaakaa. Alisema nikiacha sasa huenda ikafutika, nisipoacha nitamfuata mama kwa njia ileile. Nikamwomba dawa. Akanijibu kwamba dawa ni kuacha. Nikamwambia hata mbuzi wangu angeweza kunipa ushauri huo, tena bila kunipangisha foleni. Hakucheka.

Basi nilijaribu peke yangu, dada, nikashindwa vibaya. Asubuhi natupa sigara chooni, jioni niko kwa jirani naomba kipande. Nilikuwa nagombana na sufuria. Mume wangu Mniko, ambaye hajawahi kuigusa sigara maishani mwake, alianza kula haraka haraka ili atoke nje nisije nikamrushia mwiko.

Aliyenipa njia ni Mwanne, mke wa fundi cherehani pale Mugumu, yule aliyenishonea gauni la matanga. Naye alikuwa mvutaji zamani, akaacha katika mwezi wa Ramadhani na hakurudi tena. Alinifungia karafuu katika kipande cha kitambaa, akaniambia niwe na moja mdomoni kila hamu inaponijia, ninywe maji mengi, nisikae tena pale nilipozoea kuvutia. Zaidi ya yote nisijifiche. Alisema mtu anayeacha kimyakimya hurudi kimyakimya, bali watu wakijua watamshika mkono.

Nikamsikiliza. Nikamwambia Mniko, Mniko akamwambia balozi wetu Machage, na Machage, unamjua mtu wa Chama, akalipeleka jambo langu kwenye mkutano wa kijiji! Nimekaa pale chini na wanawake wenzangu, mara nasikia baada ya habari za mbolea linatajwa jina langu. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakaunda kamati. Ndiyo, dada, kamati ya watu watano ya kumsaidia Mokami kuacha sigara, na mwenyekiti wake Machage mwenyewe, aliyekuwa anaandika majina yao huku moshi unamtoka puani.

Nilicheka kwa hasira siku ile, lakini nisiwe mkosefu wa shukrani. Walifanya kazi. Wanawake walipangiana zamu ya kunijia saa zile mbaya, mara baada ya kula, wakinilazimisha tutwange au twende kisimani pamoja. Duka letu la kijiji halina sukari, sabuni wala chumvi, lakini sigara hazijapungua hata siku moja, ama kweli. Kamati ikamwamuru muuza duka asiniuzie mimi wala mtu yeyote atakayesema nimemtuma. Nikiwa na hasira walinivumilia. Nikilia walikaa na mimi. Kipupwe chote kikapita sijavuta. Bwana Simioni akanimulika tena akasema alama imepungua, na kwenye mkutano nikasimamishwa nikapigiwa vigelegele. Nilisimama pale nikalia mbele za watu.

Ungependa barua iishie hapo. Hata mimi.

Wakati ule ule wa kipupwe binti yangu Ghati alikuwa amebadilika. Unamkumbuka, ni yule aliyeng'ang'ania gauni lako matangani. Yuko darasa la pili sasa. Alikuwa hali vizuri, usiku anageukageuka, asubuhi haamki. Analia kwa jambo dogo, analalamika kichwa. Mwalimu akaniita akasema analala darasani. Nikadhani ni homa, nikampa klorokwini. Haikusaidia, nikadhani ni uvivu. Nilimchapa, dada. Nilimchapa kwa fimbo huku karafuu ya Mwanne iko mdomoni mwangu. Halafu akatulia ghafla, akawa mtoto mzuri kama zamani, nami nikajisifu kwamba fimbo imefanya kazi. Mayai yalikuwa yanapotea kwenye kiota, nikamlaumu kicheche.

Mwezi uliopita nilikwenda dukani kuuliza chumvi. Muuza duka akaniambia kwa utani kwamba mimi nimeacha lakini mume wangu ameanza, maana kila siku anamtuma binti na yai kufuata sigara moja. Nilirudi nyumbani. Nikazunguka nyuma ya jiko, kwenye ile nafasi kati ya ukuta na kuni. Alikuwa amechuchumaa pale, mashavu yameingia ndani, moto uko kinywani. Kama mama kabisa, dada. Hata jinsi alivyofumba macho.

Sasa nakwambia lile ambalo wewe ulikuwa hulijui, kwa kuwa hukuwa unakaa na mimi. Kiberiti huku ni cha shida, na mwenye mtoto hainuki kufuata kaa la moto. Tangu Ghati aweze kutembea bila kujikwaa nilikuwa namtuma jikoni aniwashie. Na sigara ikiwashwa kwenye kaa huzimika njiani, kwa hiyo mtoto lazima aivute kidogo ili ifike inawaka. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, kidogo shambani. Miaka. Mama naye alikuwa ananituma hivyo hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba ndiko nilikojifunzia. Nilipoacha mimi, niliacha kumtuma. Nikamwachisha na yeye siku ileile, bila kujua, na bila yeye kujua anachoumwa. Mimi nilikuwa na karafuu, na wanawake wa zamu, na vigelegele. Mwanangu alipewa klorokwini na fimbo. Hakuwa na kamati.

Nilimnyang'anya. Nilitaka niitupe chini niikanyage, Mungu ni shahidi. Mkono ukaileta mdomoni. Sijui nikueleze vipi, nilikuwa nalia, nikaigeuza nikaivuta, na kwa mara ya kwanza tangu matanga mwili wangu wote ukatulia. Ilikuwa imebaki kipande, kikanizimikia. Ghati alinitazama. Kisha akainuka bila kutumwa, akaingia jikoni, akarudi nacho kinawaka.

Nikakipokea.

Sijamwambia Mniko. Kamati nayo nitaiambia nini? Watamsimamisha mtoto wa darasa la pili mbele ya mkutano, wamjadili baada ya mbolea. Nilikwenda mpaka Mugumu kwa Mwanne, nikanywa chai yake, nikaaga bila kusema. Nilimweleza Bwana Simioni habari ya mtoto peke yake, nikimsingizia jirani. Akasema hajui la kufanya kwa mtoto mdogo hivyo, labda wazazi wake wawe mfano. Nikamshukuru nikatoka. Wiki ijayo Machage anataka kunipeleka wilayani nikasimame mbele ya vijiji vingine nieleze nilivyoshinda, na nimekubali, kwa sababu sikupata neno la kukataa.

Nilitaka nikuombe umchukue Ghati akae kwako. Ndiyo sababu nilianza kuandika. Halafu nikamkumbuka mama mkwe wako, ambaye naye hugeuza moto ndani, na kwamba jioni ya kwanza tu atamwita mgeni amwashie. Nimefikiri juu ya kila nyumba ninayoijua, kwetu na kwa wakwe, hakuna hata moja ambayo bibi hana sigara na mtoto hatumwi jikoni. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wanavyosema. Langu lilisikia, dada. Lilisikia vizuri sana, nikafuata kila nilichoambiwa, na bado tuko hapa.

Tumepatana, mimi na yeye, kuvuta moja tu kwa siku, nusu yangu nusu yake. Najiambia kwamba ninayoivuta mimi nampunguzia yeye. Ukiwa na maneno ya kunigombeza yaandike, sasa unajua kuandika, nami nitayasoma yote. Ile alama kinywani sijarudi kuionyesha.

Msalimie sana shemeji Kisyeri, wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mniko anakusalimu, anasema mbegu za maharagwe mlizotuletea zimeota. Ghati anasema shikamoo mama mkubwa. Yuko hapa pembeni yangu amekaa kwa adabu, anangoja nimalize kuandika, maana leo ni zamu yake kuanza.

Ni mimi mdogo wako,
Mokami