Magunia Juu ya Meko

Kalamba, Makueni
Jumapili jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kuliko zile ninazokutupia kwa simu nikiwa na haraka. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, unaitumia au umeiweka kabatini unaiangalia tu? Ninakujua. Sisi huku hatujambo. Mvua imegoma lakini mbaazi zimejikaza, na mama mkwe anakusalimu kwa moyo wote.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukweli ni kwamba ukipokea simu kwenye kibanda chako pale soko la Kabati unaweka sauti kubwa, na wauza nyanya wote wanasikia habari zangu. Haya ya leo ni yako peke yako. Ndiyo maana nimempa Mutie, yule mnunuzi wa ndengu, akukabidhi mkononi.

Unakumbuka Kyule aliporudi kutoka Mombasa akasema amechoka kuwa mume wa likizo? Aliacha kazi ya bohari, akachimba kidimbwi cha samaki hapa chini ya nyumba. Mimi nilifurahi kupita kiasi, maana tangu tuoane tulikuwa tunaonana Krismasi na matanga. Lakini tulikuwa tumekubaliana kwamba samaki wa kwanza wasipofanya vizuri, atarudi Mombasa. Kwa hivyo kila tilapia aliyekuwa kwenye yale maji, mimi nilimwona kama amemshika mume wangu mguu asiende.

Mwanzoni walikula vizuri. Kyule akaona uchovu kwenda mjini Wote kila mara kutafuta chakula chao, akaleta magunia mengi kwa pamoja. Aliyeyapokea ni mama mkwe. Unajua sisi watu wa huku mbegu tunaziweka wapi: darini, juu ya meko, moshi uwafukuze wadudu. Basi akaamuru magunia yote yapandishwe huko, akayafunika na leso yake nzuri. Alijivuna kweli. Alisema mdudu hajawahi kugusa mbegu yake, na chakula cha samaki wa mwanawe hakitaguswa pia. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika ngazi.

Baadaye samaki wakaanza madeko. Walikuwa wanapanda juu, wanachukua punje moja, wanaitema. Chakula kikawa kinabaki kinaelea mpaka kinavimba. Wakabaki wembamba, wengine wakafa. Kyule alilaumu maji, akayabadilisha. Kisha akalaumu jua, mwishowe akajilaumu mwenyewe. Siku moja nikamkuta anakunja mashati yake ya bohari. Alikuwa ameshampigia mkubwa wake, na ameambiwa aripoti mwisho wa mwezi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, sitakuficha.

Kesho yake nikapanda darini kuchota chakula. Nilipofungua gunia jipya, harufu ilinipiga usoni, kama mafuta ya kukaangia mandazi yaliyorudiwa mpaka yakachacha. Nilishuka mbio nikatapika. Kyule akanusa, akasema ni moshi tu. Mama mkwe naye akasema moshi ni kitu safi. Mimi nina mdomo wako, mama. Niliwaambia wanuse wanavyotaka, lakini kitu ambacho siwezi kuweka mdomoni sioni kwa nini samaki alazimishwe. Nikampigia Yvonne, afisa wa samaki wa wadi yetu.

Yvonne hakuanzia kidimbwini. Aliomba aonyeshwe chakula kinapolala. Alipoinua macho darini, nafikiri alitafuta kwanza maneno yasiyomwaibisha mama mkwe. Akaeleza kwamba mahindi makavu yanapenda joto lile, lakini chakula cha samaki kina mafuta na vitamini ndani yake. Joto la meko linachachisha mafuta na kuua vitamini, na mvuke wa sufuria za isyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, unaleta ukungu. Akavunja punje moja, tukaona kijani ndani. Alisema yote yafukiwe shimoni, hata kuku wasipewe. Tununue magunia machache machache, tuyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, kwenye chumba kikavu chenye ubaridi na hewa, na tumalize ya zamani kabla ya kufungua mapya.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akasema amemfukuza mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe. Kyule akachuchumaa mbele yake, akamwambia hata yeye alinusa asitambue. Nilimpenda sana siku hiyo. Basi mama mkwe akainuka, akasema chumba chenye ubaridi hapa ni kile cha wageni, akaanza kutoa viti na vitambaa vyake vya kufuma. Juzi mchungaji alikuja akakaribishwa barazani, kwa sababu ndani yamelala magunia.

Samaki wamerudi kula, mama. Ukitupa chakula maji yanachemka. Bado ni wadogo, hakuna anayejua watafika wapi. Lakini jana asubuhi Kyule alimpigia mkubwa wake akamwambia asimngoje, atajaribu tena hapa nyumbani.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Magunia mapya yalipokuja, wote walisema yananukia vizuri. Mimi nilitapika tena. Mama mkwe aliniangalia, akachukua bakuli mkononi mwangu, akaenda kuwalisha samaki yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo anawalisha kila asubuhi, na hajaniuliza neno.

Mama, nina mimba. Nilithibitishiwa zahanati wakati begi la Kyule bado limesimama mlangoni. Neno moja tu lingelifungua begi hilo, na sikulisema. Nimeona wanaume waliobaki nyumbani kwa kufungwa na mimba, na jinsi wanavyowatazama wake zao. Nilitaka achague mwenyewe. Na kila siku aliyochelewa kuchagua nilihesabu zilizobaki kufika mwisho wa mwezi.

Nilimwambia jana, alipokata simu. Aliniuliza kama nilijua alipokuwa akikunja mashati. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kweli ningemwacha apande basi. Nikasema ningemwacha. Basi akalia, yule mwanaume mrefu vile, akaniomba nisimwache tena aondoke bila kujua anamwacha nani.

Wasalimie wote nyumbani, hasa dada yangu Mutindi na wanawe. Mungu akulinde na akupe nguvu. Hapa watu wananitunza vizuri sana, sina la kulalamika. Lakini ninaogopa kidogo, mama. Njoo.

Ni mimi mwanao,
Ndunge