Mama mkwe amefyeka mtambo

Kaka, acha kazi usome hii. Mama mkwe amefyeka mtambo wangu.

Umesoma vizuri. Ameufyeka, kwa panga, yeye na dada zake wawili.

Si unayajua yale matete niliyopanda juu ya kokoto, yanayosafisha majitaka ya kijiji kizima kabla hayajaingia mtoni? Yamebaki mashina. Eti alipita akaona pori kazini kwangu, akamwonea huruma binti yake kwa kuolewa na mvivu.

Na leo ndiyo siku ya mkaguzi. Nafika naye, mama mkwe kasimama katikati anajifuta jasho. "Mkwe wangu alikuwa amezidiwa," anamwambia, "nikasema nimsitiri."

Kanisitiri, kaka.

Mkaguzi akaniuliza, "Mtambo uko wapi?" Nikamwonyesha lundo. Mbuzi wa mama mkwe walikuwa wanalitafuna.

Unauliza nilimwambia nini mama? Nilimwambia asante. Mama mkwe anaambiwaje tena, mbele ya watu?

Mizizi ingali hai, matete yangechipua tena. Tatizo ile asante imemnogea. Kesho anarudi na jembe.