Nilimwambia Mama Ajenge Tena Bondeni

Maman Marie-Jeanne mpendwa, nisaidie, maana kosa hili limenishinda kulibeba peke yangu.

Mimi ni Modeste, natunza wazee hapa Schaerbeek, mjini Brussels, na kwetu ni kijiji kimoja cha Kivu, kando ya ziwa, ambacho mto ulikifunika kwa matope na mawe ukachukua nyumba yetu pamoja na mdogo wangu Élodie, ambaye hadi leo hatujampata. Bon, baada ya msiba watu wa kijiji walikaa wakapatana kwamba bondeni hakuna atakayejenga tena, patapandwa miti, na kila familia ipewe kiwanja mlimani, wote wakakubali isipokuwa mama, aliyesema, "Mutoto wangu yuko chini ya udongo huu, nimuache na nani?" na mimi, kwa uchungu, na kwa sababu hata kwenye kilio sikufika, nikamwambia kwa simu, "Maman, jenga, hakuna wa kukutoa," nikagharimia kila kitu hadi mabati. Nyumba iliposimama, familia tatu nazo zikashuka kujenga pembeni yake, zikisema mtoto aliye Ulaya hawezi kumjengea mama yake mahali pa hatari. Juzi mvua ilinyesha mto ukafika mlangoni, nikampigia nikimsihi apande mlimani, akanijibu, "Si ni wewe ulisema nijenge? Alors, leo unaogopa nini?" akakata. Chefu wa kijiji hataki hata kusikia jina langu. Niseme nini ili mama anisikie?

Modeste, Schaerbeek

Modeste mwanangu,

Pole sana kwa Élodie. Kumlilia mdogo wako ukiwa mbali, bila kaburi, kunaumiza sana, na naelewa kwa nini hukuweza kumnyima mama alichoomba. Lakini ulitoa ruhusa ambayo haikuwa yako. Wale waliokaa kikao nao walikuwa wamepoteza watu wao, na wewe ukavunja neno lao ukiwa umeketi kwenye joto huku Brussels!

Unauliza useme nini. Kwa simu usiseme tena chochote, maneno ya simu yametosha. Omba likizo wiki hii, usingoje mvua iishe. Ukifika, nenda kwa chefu, ziitwe zile familia tatu, useme mbele ya watu wote: "Nilikosea, nisameheni, mahali hapa panaua." Kisha kaa na mama mlie pamoja, maana hamjawahi kulia pamoja. Usimwambie amuache Élodie. Mwiteni padri asome misa pale pale, mama apande mti wa kwanza kwa mkono wake, na awe anashuka kiangazi kumtembelea binti yake. Halafu ezua mabati hayo, uyapandishe mlimani, na usirudi huku kabla zile familia tatu hazijapata pa kulala.

Mama atakukasirikia, donc jiandae. Huenda akakataa hata kukuaga. Acha akasirike, mwanangu, lakini akasirike akiwa mlimani.