Sauti ya Ripoti Ni Yangu

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Rachel,

Shikamoo. Najua hali huulizwa kwanza, lakini nikianza na hali nitaishiwa ujasiri. Ile sauti ya binti anayesoma ripoti za ukaguzi wa Serikali kwenye simu, ambayo ulisema hata wauguzi wenzako huko Tabora wanaisikiliza, ni yangu. Ukimtoa kaka Abdulrazak, niliyefanya naye kazi hiyo, sikuwahi kumwambia mtu. Nyumbani hakuna anayejua, hata mama.

Sasa nikuulize, mguu unaendeleaje? Bado unasimama zamu nzima? Sisi hatujambo. Mvua za masika zimepungua, maji ya Jangwani yameshuka, na baba anauza ndoo na mabeseni yake kama kawaida. Mimi bado nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, huku namsaidia dukani. Ningekutumia ujumbe wa simu, ila mwanao Godbless huusoma kabla yako.

Kaka Abdulrazak anatengeneza simu kwenye kibaraza cha jirani. Alikuwa anachukua ripoti za ukaguzi, zile ndefu ambazo hakuna mtu wa Kariakoo mwenye nafasi ya kuzifungua, anaipa akili mnemba izifupishe kwa Kiswahili chepesi, kisha izisome kwa sauti, naye anazituma kwenye makundi ya simu. Watu hawakusikiliza, maana mashine ilisoma kama inatangaza safari za ndege. Ndipo akaniomba nisome kurasa chache ili ijifunze sauti yangu. Nilisomea stoo, katikati ya mabeseni, mlango nimeufunga. Tangu hapo nikawa nasikika duka hadi duka, mwenyewe nimekaa kimya nyuma ya meza.

Utacheka, Shangazi. Unajua baba anavyonisema kwamba nameza maneno. Siku moja aliongeza sauti ya simu akaniambia mbele ya wateja, "Eli, msikie mwenzio anavyotamka! Wewe ukimtajia mteja bei mpaka akuinamie." Niliendelea kupanga mifuniko.

Kisha tukakosea. Kila kipindi tulikuwa tunakihakiki kabla ya kukituma, lakini sisi ni watu wa dukani, tulihakiki tarakimu. Kila kiasi tulikilinganisha na ukurasa wake, kikikubali tunasema iko sawa. Maneno hatukuyagusa. Ripoti ilisema zahanati moja ya huku kwetu ilikutwa na dawa zilizokwisha muda ambazo hazijateketezwa. Mashine ikafupisha kwamba zahanati inawapa wagonjwa dawa zilizokwisha muda. Tarakimu zilikuwa sahihi zote. Tukatuma.

Nesi Kuruthumu, msimamizi wa zahanati hiyo, ni mteja wetu. Wiki iliyopita alikuja kununua ndoo, na wabeba mizigo wakamwanza mlangoni, "Nesi, leo unatugawia za mwaka gani?" Mwingine akadakia, "Mzee Aaron, mpe ndoo iliyokwisha muda, ndizo anazozipenda!" Baba hakucheka. Alisema jambo lililoniumiza zaidi: "Dada yangu, yule binti hajawahi kusema uongo."

Nesi akaiweka ndoo chini. "Basi mwambieni huyo binti wenu aje aone stoo yangu. Akina mama wameacha kuleta watoto chanjo."

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake.

Kesho yake nilienda na kaka Abdulrazak. Maboksi ya dawa zile yako kwenye rafu ya peke yake, yamefungwa kwa utepe, yameandikwa ZISITUMIKE, yanasubiri kibali cha kuteketezwa. Wewe unajua kibali hicho kinavyochelewa. Mabenchi ya kliniki yalikuwa matupu.

Tulituma masahihisho siku ileile, mashine ikayasoma kwa sauti yangu, tulivu vilevile. Hakuna aliyeyasambaza. Wachache walioyasikia walisema nesi ametuhonga. Nikamwambia kaka kwamba hapo mashine haitoshi, lazima niende mwenyewe. Nilipomwambia hivyo ilibidi anitake nirudie, hakusikia.

Jana ilikuwa siku ya kliniki. Nesi aliwaita akina mama, na wengi walikuja kugomba, si kuchanjisha. Nilisimama mlangoni pa stoo na ripoti mkononi. Nikaanza, mmoja akasema, "Paza sauti, binti, na sisi huku nyuma tuna masikio." Nikapaza, nikatamka yale maneno yanayofungua kila kipindi. Mama aliyekuwa anamvalisha mtoto kofia akageuka. "He! Si ndiye huyu?"

Wakanisogelea. Nikasoma sentensi kama ilivyoandikwa kwenye ripoti, kisha nikasoma tulivyoikosea, nikaomba radhi. Nikawapisha mlangoni waingie kuyaona maboksi. Wengine waliondoka. Lakini yule mama wa kofia alirudi akakaa kwenye benchi na mwanawe, akafuata mwingine, hadi Nesi akaenda kuleta sanduku la chanjo.

Siku hizi tunahakiki sentensi kwa sentensi. Za afya nitapenda uwe unatusikilizia wewe kwanza, ukipata nafasi.

Nisalimie Godbless, dada Josepha na bibi Scholastika. Mungu auponye mguu wako na akutunze kazini.

Barua hii inaondoka na basi la kesho, utaipata Ijumaa. Akina mama wale wananunua Kariakoo kama watu wote, kwa hiyo habari itafika dukani tu. Nitamwambia baba Jumapili tukitoka ibadani. Akikupigia kabla ya hapo, tafadhali Shangazi, nitunzie siri. Nataka aisikie kwangu, hata kama itabidi ainame.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Elieshi