Folda ya Asho Haikuzimika

Ntinyari, mwenzangu wa maombi, nimetoka darasani sasa hivi.

Mwalimu Mutea alizima makusudi seva kubwa, ile kompyuta inayotunza folda zetu. Alitaka kuona folda ya nani itabaki wazi seva ya pili ikishika kazi. Atakayefaulu ndiye atasimamia chumba cha kompyuta, na unajua vile nimefunga na kuomba kwa ajili ya kazi hiyo.

Yangu ikapotea. Ya Asho ikabaki wazi. Asho, yule huja amechelewa akitafuna chingamu.

Mwalimu akaniambia mbele ya wote, "Mama Kinanu, umeunganisha folda na jina la seva moja. Asho ametumia jina la pamoja, la seva zote mbili. Wewe umeita mtu mmoja, yeye ameita boma lote."

Ameita boma lote. Darasa likacheka.

Halafu Asho akaniinamia. "Pole, Mama Kinanu. Nitakuonyesha, ni rahisi."

Ni rahisi, Ntinyari.

Hapo langoni nikajaribu kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Nikajikuta namwomba azime na seva ya pili.

Tafadhali, leo ombi la kumwombea Asho lifanye wewe.