Kichwa Ulichompa Mama Peke Yake

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile tulipokuamsha usiamke. Tulidhani kufikia leo tungekuwa tumezoea. Hatujazoea.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Poda, kinyozi wao. Watoto waliopiga kelele kitini uliwaimbia puani mpaka wakasahau kulia. Wagonjwa uliwafuata vitandani mwao na mkoba wako wa kazi, na ukisifiwa ulijibu, "Kichwa chenyewe ndicho kizuri, mimi nimekifuta vumbi tu." Mikono yako ilinukia poda na spiriti hata siku za mapumziko.

Lakini kichwa chako mwenyewe hukumpa kinyozi yeyote. Kila Jumapili uliketi kwenye kigoda cha jikoni, taulo shingoni, Mama akakuzunguka na mashine. Mama, ambaye kazi hiyo hajawahi kufundishwa na mtu.

"Mama watoto, upande huu umenionea."

"Tulia, nisije nikakukata sikio!"

Kesho yake ulifungua duka nywele zimepanda kulia, zimeshuka kushoto. Kinyozi mwenzako wa jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Ulimwambia, "Cheka tu. Mimi nanyolewa na anayenipenda."

Jumapili ile ya mwisho Mama alikuwa amechoka. Alikwambia, "Kesho, mume wangu." Ukasema haya, ukaenda kulala.

Sisi wanao tulitaka uondoke kwa heshima, tukamwita yule yule kinyozi wa jirani. Alikunyoa huku akilia, akakunyoosha mstari wa paji sawasawa, bila kasoro. Tulijiona tumefanya la maana. Mama akainama kukuaga, akarudi nyuma.

"Huyu siye. Mume wangu hajawahi kuwa hivi."

Watu walidhani uchungu umemvuruga akili. Sisi tulielewa, Baba, na tulikuwa tumechelewa. Tangu hapo mashine imekaa kabatini, na neno "kesho" halitoki tena kinywani mwake. Tukimuuliza jambo la kesho, anasema, "Nitaona." Inatuuma sana kumwona hivyo.

Jumapili iliyopita kitinda mimba wako, aliyerithi paji lako, alivuta kigoda, akajifunga taulo, akaketi. Mama akaenda kabatini, akaitoa mashine.

"Nitakuharibu, mwanangu."

"Niharibu, Mama."

Alipomaliza, kulia kumepanda, kushoto kumeshuka. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. "Nisamehe, mume wangu," alisema. "Nilikwambia kesho."

Kisha akapangusa mashine na kuuliza nani anafuata.

Leo tutakuja kaburini kwako sote, nywele zimepanda kulia, zimeshuka kushoto. Hata yule kinyozi wa jirani alikuja kuketi kwenye kigoda, na safari hii hakucheka. Ukituona, Baba, wewe cheka.

Unakumbukwa na mkeo, Mama watoto; binti yako mkubwa, aliyeandika haya; mwanao wa kati, dereva; kitinda mimba wako; kaka yako fundi bomba; wakwe, wajukuu, na rafiki yako kinyozi.

Maadamu tungali hai, Baba, hutasahaulika. Na Jumapili ijayo, Mama amesema, kigoda kitakuwa pale pale.