Mlango Uliokwenda kwa Fundi

Mtaa wa India, Bagamoyo

Kaka Shuaibu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Wageni ni wengi msimu huu. Kila siku nawatembeza Ngome Kongwe, Boma, kisha mtaani kwetu.

Jana mgeni mmoja aliuliza mbona nyumba hii, yaani yetu, haina mlango wa nakshi kama za jirani. Nikamjibu umeliwa na mchwa. Mwenzake akanionyesha picha kwenye simu, mlango uliofanywa meza katika hoteli aliyolala Dar. Pembeni niliziona herufi zetu mbili, zile ulizochonga kwa msumari ukachapwa na baba.

Nikawapeleka jengo linalofuata.

Mama hajui. Kila Alhamisi jioni bado anafukiza ubani kizingitini, mbele ya bati ulilopigilia, na kuniuliza kama yule fundi uliyempelekea mlango amemaliza. Mimi nimechoka kumjibu. Njoo Alhamisi hii, umshikie chetezo mwenyewe.

Mdogo wako,
Swaumu